Kuacha Nako ni Kazi

Novemba, Hillier, Ontario. Tunaifukia mizabibu.
Hendrika yuko juu ya trekta, mimi nyuma na jembe,
nafunika tawi la chini, lile litakalozaa mwakani,
kwa udongo uliojaa vipande vya mawe ya chokaa.
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu:
nimetoka Hombolo, Dodoma, ambako mzabibu haulali,
huvunwa mara mbili kwa mwaka kama anayedaiwa,
na leo nalipwa kuuzika ungali hai.

"Hauzikwi," akasema. "Unafunikwa shuka."
Hayo ndiyo maneno yake ya kutwa nzima.

Ghalani hakuna pampu.
Maji ya zabibu hushuka yenyewe kutoka sakafu ya juu,
hayahitaji kuelekezwa bondeni.
Hakuna kichungi. Hakuna sukari ya kuziba pengo la jua.
Hamira ni ile iliyokuja na ganda,
ule ukungu mweupe unaofutika kwa kidole.
Utotoni niliufuta kwenye shati kabla ya kula
nikidhani vumbi,
kumbe nilikuwa nampangusa mpishi.

Wageni hudhani kuacha ni uvivu.
Waje wamwone Septemba, amepiga magoti,
mkasi wa cherehani mkononi, kishada baada ya kishada,
anaondoa tunda lililooza
kama amtoaye mtoto kibanzi jichoni.
Waje waoshe mapipa kwa maji ya moto mpaka kucha zilainike.
Asiyetia dawa sharti atie jicho.

Mwaka wangu wa pili, pipa la saba lilinyamaza.
Oktoba yote lilikuwa likinong'ona,
ukitega sikio unasikia mvua ya mbali juu ya bati,
kisha baridi ikaingia, na kimya.
Utamu wa kitoto bado umo. Divai nusu njia.
Bwana Terpstra wa shamba la pili akaja na shauri:
pakiti moja ya hamira ya dukani,
dola tano, siku tatu, kwisha kazi.
Hendrika akamshukuru, akampa mayai sita,
hakufanya neno.

Mimi nilifanya. Niliinunua Picton,
nikaitia mfuko wa ndani wa koti,
na Januari nzima nikawa napita ghalani usiku
na dawa ya mgonjwa ambaye hajaniita.
Mara moja nilitoa kizibo.
Mkono ulikuwa juu ya tundu kabisa.
Nikamkumbuka mama na chungu chake cha togwa,
alivyotugonga vidole kwa mwiko:
usifunue, usikoroge, ina akili zake.
Nikaziba.

Mei tukaifukua mizabibu,
kwa vidole pale jembe linapotisha.
Ghala likapata joto.
Nilikuwa nafagia niliposikia, sikuamini,
tone la sauti, kisha jingine,
pipa la saba linasafisha koo.
Nikamwita Hendrika. Akaja na buti moja mguuni.
Tukaweka masikio, yeye huku, mimi kule,
kama watu wawili wanaosikiliza ugomvi wa jirani.

Nisiseme uongo: la kumi na moja lilikufa.
Hapo subira haikuvuta heri, ilivuta siki,
na siki yenyewe ipo jikoni, tunamwagia kabichi.
Hendrika hakulia wala hakuhubiri.
Aliandika kwa chaki ubavuni mwa pipa:
Nilichelewa kuosha.

Ya pipa la saba tuliitia chupani bila kuichuja.
Ina ukungu; ukiiinua juani huoni upande wa pili.
Mgeni mmoja wa Toronto akairudisha mezani,
akauliza ina kasoro gani.
"Baridi," nikamjibu. "Na Mei."

Pakiti ingali kotini. Tarehe yake imepita.
Kila Novemba nikiinama kufukia
naisikia ikichakarika kifuani.